Toleo jipya au chapa mpya?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Sisi ni vijana wanne wa Mikindani, Mtwara. Kila Jumamosi jioni tunacheza Dungeons & Dragons, ule mchezo wa mezani ambao kila mmoja hujivika uhusika na dadu ndiyo huamua bahati yake. Tuna hamu ya vitabu vipya vya kanuni. Mimi nasema "tunalingoja toleo jipya", mwenzangu anasema "chapa mpya", wa tatu "toleo mpya". Nani kapatia?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umepatia wewe.

Mwenzako wa "chapa" ametaja jambo jingine. Kuchapa ni kazi ya mtambo. Kitabu kikiisha madukani kikarudishwa mtamboni vilevile kilivyo, hiyo ni chapa ya pili, hata ya kumi. Haliwi toleo mpaka mwenye kazi aifungue, apunguze, aongeze, ndipo aitoe upya. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitoka mwaka 1981. Ile ya 2004 ni toleo la pili. Huko kwenu mmezoea magunia ya korosho: gunia laweza kupigwa chapa mara mbili na korosho zikabaki zilezile.

Mchezo wenu ni mfano mzuri zaidi. Gary Gygax na Dave Arneson waliutoa mwaka 1974. Katika matoleo ya zamani, namba ya kinga ya mhusika kadiri ilivyoshuka ndivyo alivyokuwa mgumu kupigwa. Toleo la tatu, la mwaka 2000, likaigeuza: namba ikipanda ndiyo nafuu. Mkikaa meza moja, huyu na kitabu cha kale, yule na cha baadaye, hamtaelewana hata juu ya pigo la kwanza. Chapa haileti ugomvi wa namna hiyo. (Bao letu limeepukana nao kabisa, kanuni zake mtu hufundishwa barazani.)

Penye ugumu ni vitabu vya 2024. Toleo la tano lilitoka 2014, na hivi vya juzi vimebadilisha mengi, ila wachapishaji hawakuviita toleo la sita. Nanyi msiviite hivyo. Semeni "toleo la tano lililorekebishwa". Jina ni refu, lakini ndilo la kweli.

Kuhusu "toleo mpya", hapo sikubali. Toleo liko ngeli moja na jina na gunia: jina jipya, gunia jipya, toleo jipya. "Mpya" ni ya mkeka na ya nguo, na ya chapa pia. Nadhani wa tatu alisikia "chapa mpya" ya mwenzenu, ulimi ukamponyoka.

Ile -li- ya "tunalingoja" imenifurahisha sana, maana siku hizi nasoma "tunaisubiri toleo" hadi kwenye matangazo. Ila kungoja ni kwa kitu mnachojua kinakuja. Kama tarehe haijatangazwa, andikeni "tunalitarajia".