Mwanangu, kuhusu ule msemo wa kinanda na korongo

Marahaba mwanangu. Meseji nimeisoma, unauliza huyo mzee wa Hong Kong mnayefanya naye kazi alimaanisha nini alipoona kabati la kale la ofisini linakatwakatwa liwe rafu akasema "fan kam zyu hok", na kama na we unaweza kuutumia huo msemo.

Ni kuchoma kinanda na kupika korongo, yule ndege, yaani kinanda ndo kuni, korongo ndo kitoweo. Sio maneno ya sokoni hayo, ni Kikanton cha watu wa vitabu, kwahiyo huyo mzee aliyetokwa na kauli hiyo ujue kaumia kweli.

Kinanda chenyewe ni guqin, ala ya Kichina ya nyuzi saba, na viko vya enzi za ufalme wa Tang, zaidi ya miaka elfu iliyopita, ambavyo mpaka leo vinapigika. Wamarekani walivyorusha vyombo vya anga vya Voyager mwaka 1977, kwenye ile sahani ya muziki waliweka na guqin, Guan Pinghu anapiga "Liu Shui", itafute uisikilize usiku ukiwa umetulia. Korongo nae kwao ni ndege wa umri mrefu. Sasa mtu anakutana na vyote viwili, anachoona ni moto na nyama!

Msemo upo kwenye orodha ya mambo yanayoharibu uzuri, inayohusishwa na Li Shangyin, mshairi wa karne ya 9, na humo kuna pia kuosha miguu kwenye chemchemi safi na kuanika nguo za ndani juu ya maua. Hakuna uadui hata kidogo humo, mtu ana njaa yake au nguo zake mbichi basi, ila jicho lake limeishia hapo, na mimi ndo kinachoniuma zaidi maana huyo hata hajui kama kaharibu.

Afu kuna Cai Yong, msomi wa Kichina wa karne ya 2, yeye alikuta watu wanapikia mti, akausikia tu unavyolia motoni akajua hiyo mbao ni ya kinanda, akaiomba, akaichonga kinanda, mwishoni ikabaki imeungua mpaka kikaitwa Jiaowei, mkia ulioungua. Sikio la namna hiyo nakuombea mwanangu.

Kuutumia unaweza, kwenye maandishi hasa, au ukiwa na huyo mzee. Ila usimtupie mtu usoni, manake unamwambia hana ustaarabu, na bosi aliyeagiza kabati likatwe usimjaribu nao kabisa.

Baba yako