Maswali ya Wasomaji: Alumini Ikizidi Kwenye Magnesi

SWALI: Tunasubu vifuniko vya mashine kwa kalibu za mchanga, tukiyeyusha magnesi chakavu aina ya AZ91. Tukitaka viwe imara zaidi, kilo 50 tuliziongezea kilo 2 za alumini. Sasa masikio ya bolti yanakatika tukikaza tu. Je, zirkoni itasaidia? – Fundi, Mwanza

JIBU: Kilichowaponza ni hizo kilo 2. AZ91 tayari ina alumini asilimia 9 hivi, yaani kilo 4.5 katika kilo 50. Nyinyi mmeifikisha asilimia 12.5. Magnesi kwenye nyuzi 437 humeza alumini hadi asilimia 12.7, lakini ikishapoa hubakiza kama 2 tu. Inayotemwa huungana na magnesi kuwa Mg17Al12, kitu kigumu kisichonyumbuka, nacho hujipanga kwenye mipaka ya chembe, yaani fuwele ndogondogo zinazounda metali. Ikizidi, vipande vyake hushikana kama wavu, na ufa ukishaanza hufuata njia hiyohiyo. Tazameni sikio lililokatika: halikupinda hata kidogo.

Ndiyo maana fremu za usukani na viti vya magari husubiwa kwa AM60, yenye alumini asilimia 6. Ikisubiwa kwa mashine ya shinikizo, huanza kupinda bila kurudi kwenye megapaskali (kipimo cha mkazo) 130 hivi, AZ91 kwenye 150 na ushei. Ila AM60 hurefuka asilimia 6 hadi 8 kabla ya kukatika, mwenzake 3 tu. Kwa sikio la bolti, hiyo tofauti ya mwisho ndiyo yenye maana.

Kurudi kwenye asilimia 9, ongezeni kilo 20 za magnesi safi. Mkitaka 6, ni kilo 56 hivi. Manganizi nayo itapungua, kwa hiyo irudisheni ifike walau asilimia 0.2: kazi yake ni kuzamisha chini ya chungu chuma kinacholeta kutu, si kuongeza nguvu. Zinki isivuke asilimia 1, maana pamoja na alumini nyingi hivyo huleta nyufa kipande kikiwa bado cha moto.

Zirkoni acheni. Hufanya chembe ziwe ndogo vizuri sana, lakini mbele ya alumini huungana nayo na kuzama chini ya chungu. Ni pesa ya bure.

Vifuniko vya asilimia 9 mnaweza kuvilainisha kwa joto. Viingizeni tanurini kwenye nyuzi 260, pandisheni taratibu kwa saa 2 hadi 413, vikae saa 16 hadi 24, kisha vipoe hewani. Tanuri iwe na gesi ya kaboni dioksidi, na maji yasisogezwe karibu. Mkikimbiza joto, mipaka ya chembe itayeyuka kabla alumini haijasambaa. Vile vya 12.5 havitapona hivyo, viyeyusheni upya.