Maswali na majibu: Saa ambazo ratiba ya chuo haikuonyeshi

Barua nyingi zilizonifikia muhula huu zimetoka kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, na karibu zote zinalalamikia jambo moja kwa maneno tofauti: kazi za chuo zimewazidi. Nimechagua tano.

Nasoma shahada hapa Mtwara mjini na nimepanga chumba Shangani. Nina kozi sita, na vipindi vyote kwa wiki ni saa 18 tu, pungufu kabisa ya nilivyozoea kidato cha sita. Mbona basi kufikia wiki ya sita nimeshaelemewa?

Kwa sababu ratiba uliyobandika ukutani inaonyesha kazi ya mhadhiri, haionyeshi kazi yako. Mfumo wa krediti unaotumika nchini huhesabu krediti 1 kuwa ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, na ndani ya saa hizo mna mihadhara, semina, kusoma peke yako, kuandika kazi za nyumbani na kujiandaa na mtihani. Chukua kozi moja ya krediti 10, ambayo ni saa 100. Ukihudhuria saa 3 kwa wiki kwa muda wa wiki 15 umetimiza saa 45, na zile 55 zilizobaki, yaani karibu saa 4 kila wiki, hazina chumba, hazina mhadhiri wala karatasi ya mahudhurio. Kozi sita za namna hiyo zinafikisha saa 600 kwa muhula, sawa na saa 40 kwa wiki. Ondoa 18 za darasani: saa 22 ulizodhani ni za kupumzika zilikuwa za kusoma tangu siku ya kwanza. Shuleni kengele na mwalimu wa zamu walikuhesabia saa hizo bila wewe kujua, lakini chuoni hakuna wa kukuhesabia.

Sasa usikimbilie kuchora ratiba ya kishujaa. Nilipokuwa nafundisha, kijana mmoja aliniletea daftari alilolipanga kwa kalamu za rangi tatu, kuanzia saa kumi alfajiri hadi saa sita usiku, bila mahali popote palipoandikwa kufua, kupika, kungoja maji wala kulala. Ilidumu siku nne. Anza na mapengo ya mchana, kwa mfano yale masaa mawili kati ya kipindi cha saa mbili na cha saa sita ambayo wengi huyamalizia kivulini wakipiga soga, na ukisome kitini cha asubuhi siku hiyohiyo kabla ya magharibi, wakati maneno ya mhadhiri bado yako masikioni. Ukikiacha wiki mbili utakisoma kama kitu kigeni, na saa moja itageuka tatu. Usiku uachie kazi nyepesi, kwa maana joto la Desemba la huku kwetu halimruhusu mtu kufikiri vizuri chini ya bati.

Nimetoka shule ya kata wilayani Liwale. Kurasa kumi za Kiingereza zinanichukua jioni nzima, ilhali wenzangu wanazimaliza kwa saa moja. Nifanyeje?

Kwanza, usiwaamini sana hao wenzako, kwa kuwa wengine wanachomaliza ni kurasa tu. Tatizo lako ni la kweli, na wala si la uvivu: unafanya kazi mbili kwa wakati mmoja, ya kuelewa lugha na ya kuelewa somo, kisha unazipa muda wa kazi moja. Zitenganishe. Soma vichwa vya habari, aya ya kwanza na ya mwisho, halafu funga kitini ujieleze kwa Kiswahili, kwa sauti, kama unayemsimulia mdogo wako jambo hilo. Usipoweza kusimulia, rudi uone ulipokwama, na ukishaweza, ndipo uandike sentensi nne za Kiingereza kwa maneno yako mwenyewe. Usitafute kila neno kwenye kamusi. Andika yale tu yanayojirudia, kwa maana kila kozi ina maneno yake machache inayoyatumia muhula mzima, na ukishayashika kasi itabadilika yenyewe.

Mwanafunzi mmoja wa uhasibu alikwama kwenye kurasa tatu za uchakavu wa mali, akazisoma mara tano bila kuambulia kitu. Nilimwuliza pikipiki ya bodaboda ya kaka yake ilinunuliwa kwa shilingi ngapi, na leo akiiuza atapata ngapi. Akajibu bila kusita, akaongeza na sababu: tairi, injini, barabara za mchanga. Nikamwambia arudi kwenye zile kurasa tatu. Alizimaliza kabla ya chai kupoa, kwa kuwa safari hii maana ilitangulia, Kiingereza kikafuata.

Wazazi wangu ni wakulima wa korosho Tandahimba. Baba anataka kila Ijumaa niende nikasaidie kuokota hadi Jumapili. Sipendi aone kwamba nimeanza kujiona msomi.

Binti yangu, umeliweka vizuri, na heshima hiyo usiipoteze, kwa sababu huenda korosho hizohizo ndizo zinazolipa ada yako. Bahati mbaya msimu wa mavuno, Oktoba hadi Desemba, ndio huohuo ambao muhula wa kwanza unashika kasi na majaribio yanaanza. Jambo hili usilizungumze kwenye simu. Nenda mwenyewe wikiendi moja, okota kama kawaida, na jioni baada ya kula mwonyeshe baba tarehe za majaribio zikiwa zimeandikwa kwenye karatasi, kisha umwombe akubali uwe unaenda wikiendi zisizo na jaribio na siku zote za likizo. Mzazi anayesikia “sina nafasi” huumia, ila anayeonyeshwa tarehe hujadiliana nazo. Ikiwa mazungumzo yatakuwa mazito, mtangulize mjomba, ambaye kwa desturi zetu Wamakonde sauti yake haipuuzwi. Na ukienda shambani usibebe vitabu kwa kujidanganya, kwa kuwa hutavifungua.

Katika kazi ya kikundi tuko wanane, tunaofanya ni wawili. Tuwaandike majina wasiofanya?

Gaweni sehemu kwa maandishi siku ya kwanza, kila jina na kipande chake, na mkubaliane kukutana siku tatu kabla ya kukusanya. Asiyeleta kipande chake mjulisheni mapema kwamba jina halitaandikwa, kisha msiliandike. Kumwonea haya mtu mzima kwa gharama ya usingizi wenu si utu.

Niko Lindi, nimepata 5 kati ya 15 katika jaribio la kwanza. Wenzangu wananitania kwamba nimeshakata tiketi ya sapu, yaani mtihani wa marudio. Je, nibadili kozi?

Bado ni mapema mno. Katika vyuo vingi kazi za muhula hubeba alama 40 na mtihani wa mwisho 60, hivyo ulichopoteza hadi sasa ni alama 10 kati ya 100. Mimi mwenyewe mwaka wangu wa kwanza nilipata 4 kati ya 15, nikaikunja karatasi na kuificha chini ya godoro hadi muhula ukaisha, na makosa yaleyale nikayakuta tena kwenye mtihani. Kosa langu kubwa lilikuwa hilo la godoro. Chukua karatasi yako wiki hii, urudie kila swali ulilokosa kwenye ukurasa mpya bila kutazama majibu, kisha uende ofisini kwa mhadhiri na kurasa zote mbili mkononi. Usimwulize utafaulu vipi. Mwonyeshe mstari ulipoteleza, umwulize kwa nini.