Ulizeni kwa Mama wa Rangi: Printa ya vitambaa na maji ya Dodoma

SWALI: Shikamoo Mama. Tuko wanawake sita hapa Ipagala, tunachapa fulana na vitenge kwa fremu za wavu: sare za harusi, za kwaya, za vikoba. Kuna muuzaji anatushawishi tukope tununue printa inayochapa kitambaa moja kwa moja kutoka kwenye kompyuta. Anasema haitumii maji wala haichafui hewa. Sisi maji tunanunua kwa madumu, kwa hiyo neno hilo limetuingia. Ni kweli? – Mchapaji, Ipagala

JIBU: Marahaba mwanangu. Muuzaji wenu kawapa nusu ya habari. Kabla ya bei, mwulizeni mashine yake inakula wino gani, kwa sababu maji yanakwenda na wino.

Kuna wino wa riaktivu, unaoshikana na uzi wa pamba wenyewe. Rangi zake zinang'aa na kitambaa kinabaki laini. Lakini kitambaa hicho kinapakwa kwanza dawa yenye magadi na yurea, yurea ile ile mnayowekea mahindi. Kikishachapwa kinapigwa mvuke wa nyuzijoto 100 hivi kwa dakika 8 hadi 10, halafu kinasuuzwa: maji baridi, maji ya moto na sabuni, baridi tena, mpaka rangi ambayo haikushika itoke yote. Hapo madumu yenu yamekwisha.

Nasema hivi nikiwa na uchungu. Nimefanya batiki miaka 14 Chang'ombe, na maji yangu ya kostiki na haidro, zile dawa kali za kuyeyushia rangi, nilikuwa nayamwaga korongoni nyuma ya nyumba. Msimu mmoja mchicha wa jirani aliyelima chini yangu uliungua majani, tuta zima. Nilimlipa, akapokea, lakini yule mama alikuwa analisha watoto kwa mchicha ule. Mji wetu unakunywa maji ya visima vya Mzakwe na mvua yetu ni ya miezi michache. Maji ya rangi hayana pa kwenda ambapo hapana mtu.

Wino wa pigmenti ni habari nyingine. Ni chembe za rangi pamoja na gundi inayozishikiza juu ya uzi. Mnachapa, mnakausha kwa moto wa nyuzi 150 au 160 kwa dakika chache, kazi imekwisha. Hakuna mvuke, hakuna kusuuza. Kwa wino huu muuzaji amesema kweli, isipokuwa fulana nyeusi bado itapuliziwa dawa kabla ya wino mweupe. Kwa kuwa rangi imekaa juu, kitambaa kinakuwa kigumu kidogo na kinaweza kupauka kikisuguliwa. (Ule wa kuhamisha picha kwa karatasi na pasi ya moto nao hauhitaji maji, ila unashika poliesta tu. Kitenge cha pamba hautakifaa.)

Kuhusu hewa: hewa ya ukaa ya kazi hii inatokana zaidi na joto. Mvuke wa kikundi kidogo hutoka kwenye pipa lililowekwa juu ya mkaa, na vilima vyetu vilivyobaki vipara mnaviona. Umeme una nafuu, kwa kuwa sehemu kubwa yake sasa inatokana na maji. Bwawa la Julius Nyerere pekee lina mitambo ya megawati 2,115. Hata hivyo umeme mnaulipia. Mashine ya kubana kwa moto, ile ya kukaushia wino wa pigmenti, ikiwa ya kilowati 2 inaweza kula hadi uniti 2 kwa saa, iwe na fulana au iko tupu. Kusanyeni oda za siku nzima ndipo muiwashe, na mwandike namba ya LUKU kabla na baada.

Jambo ambalo muuzaji hatawaambia ni kiangazi chetu. Kuanzia Juni hewa ni kavu na vumbi linapenya hadi kabatini. Wino unakaukia kwenye nozeli, yaani vitundu vya kutolea wino, na kichwa cha printa kikiziba ni hasara kubwa. Wino mweupe ndio msumbufu zaidi, unatuama chini usipotikiswa. Tafuteni chumba kinachofungika chenye sakafu ya saruji, nunueni kipima unyevu, na kisishuke chini ya asilimia 40. Chapeni walau kipande kimoja kila siku, hata kama hakuna oda.

Fremu msizitupe. Fulana 200 za rangi moja, fremu bado ina gharama ndogo. Printa itawafaa kwa sare 12 zenye picha ya maharusi, mkichapa zile zilizolipiwa tu. Doti zilizolala kabatini baada ya sherehe zimekula maji, moto na pamba bure, na mimi ninazo mpaka leo.

Basi mpelekeeni kitambaa chenu wenyewe, si sampuli yake. Achape mkiwa mmesimama pale. Kifueni mara 10 kwa sabuni ya mche, mkianike juani, kisha mkisugue na kitambaa cheupe kilicholowa. Mkopo usubiri mpaka mwone hicho cheupe kimetoka na rangi gani.