Barua kwa Mwanangu: Waliovushwa Bahari ya Hindi na Kurudi

Mwanangu Neema,

Salamu nyingi kutoka Kisauni. Sisi hatujambo, ila joto ndilo limetushinda. Nimeusoma ujumbe wako. Unasema hapo kazini kwenu London, Oktoba hii ya historia ya watu weusi, ukuta umejaa picha za Martin Luther King, Rosa Parks, Mary Seacole na Toussaint Louverture, na mkuu wako amekuomba uzungumze dakika kumi juu ya mtu wa kwenu. Ukaniuliza: "Mama, hivi sisi wa pwani tumo kwenye historia hiyo, au ni ya Wamarekani na watu wa Karibi peke yao?"

Tumo, tena sana. Ila wengi wetu hatukupelekwa Amerika. Majahazi ya Kilwa na Unguja yalielekea Oman, Ghuba na India, na huko ndiko ukawatafute wako. Ukipenda mtawala, yupo Malik Ambar, mtoto wa Kihabeshi aliyeuzwa mara kadhaa hadi akafika nyanda za Deccan, kusini mwa India, akaja kuwa mwenye kauli ya mwisho katika dola ya Ahmadnagar na kuwahangaisha Wamughali, watawala wa India ya kaskazini, mpaka alipofariki 1626. Lakini mimi ningekushauri uchague wa karibu, wale waliovushwa bahari wakarudi.

Wa kwanza ni Sidi Mubarak Bombay. Alikuwa Myao, akakamatwa angali mtoto, akauzwa Kilwa, akafikishwa India. Bwana wake alipokufa akaachwa huru, akarudi Unguja na kuwa askari wa Sultani. Mwaka 1857 akachukuliwa na wasafiri wa Kiingereza, Burton na Speke, kwenda kutafuta maziwa makuu. Kihindi alichojifunza utumwani ndicho alichozungumza na Speke, maana Speke alikuwa afisa wa jeshi la India na Kiswahili hakukijua. Baadaye akaenda na Speke tena, akaenda na mwandishi wa habari Stanley kumtafuta mmisionari Livingstone, kisha akaenda na msafiri mwingine Mwingereza, Cameron, kuanzia 1873 mpaka wakatokea pwani ya Atlantiki mwaka 1875. Vitabu vilikuwa vikimsifu Cameron kwa kulivuka bara, na Bombay alilivuka bara hilohilo, kwa miguu hiyohiyo miwili. Chama cha kijiografia cha hapo London kilimpa medali ya fedha na pensheni. Angalau hilo.

Wa pili ni Jacob Wainwright, na huyu una njia ya kumwendea kwa basi. Naye alikuwa Myao. Aliokolewa kwenye meli ya watumwa, akasomeshwa na wamisheni Nasik, huko India upande wa mji wa Bombay. Livingstone alipofariki kijijini kwa Chitambo tarehe 1 Mei 1873, wenzake Waafrika, wakiongozwa na watumishi wake wa miaka mingi, Susi na Chuma, waliamua wenyewe kwamba maiti itarudishwa kwao. Hapakuwa na Mzungu wa kuwaamuru. Wakatoa moyo na matumbo wakazika chini ya mti, Wainwright akasoma sala na kuchonga jina kwenye gome. Mwili wakautia chumvi, wakauanika juani siku 14, wakauviringisha kwa kitambaa na magome ya mti, juu yake turubai, wakaufunga kwenye mti wa kubebea. Walipokutana na Cameron karibu na Tabora akawashauri wamzike hapohapo. Wakakataa. Mbele kidogo wenyeji wakaogopa kupitisha maiti kwao, basi wakatengeneza maiti ya uongo, wakairudisha nyuma hadharani ati wanakwenda kuizika, na ile ya kweli wakaifunga upya kama mtumba wa nguo. Wakafika Bagamoyo Februari 1874, baada ya miezi kama tisa.

Kutoka hapo Waingereza wakaichukua maiti, na katika msafara wote aliyefuatana nayo mpaka mazishini ni Wainwright pekee. Tarehe 18 Aprili 1874 alikuwa miongoni mwa wasindikizaji wa jeneza ndani ya Westminster Abbey. Susi na Chuma waliitwa Uingereza mazishi yakiwa yamekwisha, wakasaidia kuzifafanua shajara za Livingstone. Nenda kalitazame kaburi lile. Jiwe limeandikwa kwamba ameletwa na mikono miaminifu, juu ya nchi na bahari. Mikono ya nani? Jiwe halisemi.

Wa tatu ndiye ninayempenda mimi: William Jones. Alitekwa udogoni, akauzwa huku na huko, akaokolewa na kufikishwa India, akajifunza uhunzi Nasik, na mwaka 1864 akaletwa Rabai, hapo nyuma ya Mombasa. Miaka kumi na moja baadaye likaja kundi kubwa la wenzake kuanzisha Frere Town, kijiji cha watumwa walioachwa huru, penye ile kengele uliyokuwa ukiipita ukienda shule. Waliitwa Waafrika wa Bombay, kwa jina la mji ule wa India: walimu, mafundi seremala, wahunzi. Mwaka 1885 Jones alimsindikiza Askofu Hannington kuelekea Uganda. Askofu akatangulia, akauawa Busoga, na Jones ndiye aliyeurudisha msafara uliobaki, wagonjwa na wenye njaa, mpaka Rabai Februari 1886. Mbele walibeba bendera ya buluu yenye neno Ikabodi kwa herufi nyeupe. Msomaji wa Samweli wa Kwanza anaelewa: utukufu umeondoka.

Lakini si kwa hilo ninalompendea. Rabai aliyoichunga Jones ilikuwa imejaa watoro waliowakimbia mabwana zao, wakalima na kujenga humo. Mwaka 1888 wenye watumwa wa Mombasa wakaja juu wakidai mali yao. Mwishowe kampuni ya Waingereza ikakubali fidia itolewe, na tarehe 1 Januari 1889 watoro zaidi ya 1,400 wakapewa hati za uhuru. Kumbe aliyeuzwa akiwa mtoto alikuja kuwa mchungaji wa kijiji cha waliokataa kuuzwa.

Usiwafiche wenzako kwamba wauzaji na wanunuzi walikuwemo wa pwani hii na wa bara, mashamba yalikuwa Malindi na Pemba, na fedha zilipita mikononi mwa tunaowaita babu. Wakikuuliza kwa nini basi humtaji Mzungu aliyeokoa, waambie dakika ni kumi tu.

Kwa hiyo Jones mpe sita, Wainwright tatu, Bombay moja. Niandikie ulichopanga kabla hujakisoma. Baba yako anasema Bombay apewe zaidi. Usimsikilize, yeye anapenda watu wa safari.

Mama yako