Umeficha bahasha ya mahakama chini ya vitenge, halafu mkosaji ni mume?

Mama Zuhura wa Coventry, Uingereza, ameniandikia kurasa tatu. Kwa kifupi anasema mumewe alikopa pauni 400 Desemba 2016, ile mikopo ya haraka ya kusubiri mshahara, akashindwa kurudisha mwezi uliofuata, deni likauzwa kwa kampuni nyingine na sasa zimekuja karatasi za mahakama kutoka Northampton wanadai pauni 1,130. Anasema mume ni mtu wa starehe na siri nyingi, anaogopa madalali wa mahakama wasije wakabeba cherehani yake, na anauliza kama adai talaka mapema.

Pole mwanangu. Bahasha ya mahakama inatia baridi hata mtu ambaye hajaiba, hilo nalijua. Ila pole yangu inaishia hapo.

Ukurasa wa pili umeandika kwa mkono wako kwamba Desemba hiyo hiyo "sendofu ya mdogo wangu Dar ilifana, mpaka leo inaongelewa, sisi wa Ulaya ndo tulibeba ukumbi". Ukumbi mliubeba kwa hela gani? Baba Zuhura anafanya kazi ghala usiku, mtoto wakati huo mchanga, kodi ya nyumba inamsubiri, halafu kadi ya mchango imetoka kwenu na jina lenu lishaandikwa juu kabisa ya listi ya watsapu. Hukunitajia pombe, hukunitajia mwanamke wala kamari, na mke mwenye hayo nyumbani huwa anaanza nayo mstari wa kwanza. Mimi naona mwanaume aliyeona aibu kumwambia mkewe sina, akaenda kwa wakausha damu ili wewe usiaibike kwa ndugu zako. Alikosea kukuficha, ndio, lakini starehe siioni.

La pili ndo limeniuma zaidi. Bahasha ina jina lake, umeifungua wewe, umeisoma, umeitia kwenye droo chini ya vitenge "mpaka aje aniambie mwenyewe". Aje akuambie nini na hajui kama imefika? Unampima mtu huku saa ya mahakama inatembea!

Sasa nisikilize vizuri maana haya nimeyaona kwa macho, kijana wangu wa Luton zilimfikia karatasi kama hizo nikakaa naye mezani mpaka tukamaliza. Karatasi yako imetoka tarehe 3. Kwa sheria ya England inahesabiwa imefika siku ya tano baadaye, yaani tarehe 8, na kuanzia hapo mdaiwa ana siku 14 za kujibu, zinaisha tarehe 22. Akikiri tu kwamba ameipokea na anakusudia kujitetea anapata siku 28 badala ya 14. Anaweza kufanya kwenye intaneti kwa neno la siri lililochapwa kwenye karatasi yenyewe, ila pale penye nafasi ya utetezi asiandike chochote siku hiyo, hata nukta, asije akawa ameshapeleka utetezi wake wenye maneno mawili. Akikaa kimya wadai wanapewa hukumu bila yeye kusikilizwa, na hukumu inakaa kwenye rekodi yake miaka 6, hapo hata kupangisha nyumba inakuwa shida.

Halafu mkae muangalie tarehe. Sheria ya ukomo ya mwaka 1980 inasema deni la mkataba kama hili lina miaka 6 kuanzia aliposhindwa kulipa. Kama ni Januari 2017 na hajalipa tena senti wala hajaandika barua ya kulikiri, muda wao uliisha 2023. Lakini mahakama haitamkumbushia hilo, lazima aliandike mwenyewe kwenye utetezi. Na hapa ndo umuulize kwa upole sio kwa kumkaba: je, kati ya hapo aliwahi kuwatumia hata pauni 20 kimyakimya ili simu zikome? Maana malipo kama hayo ndani ya ile miaka 6 yanaanzisha hesabu upya. Atafute statimenti za benki, asikisie, kwa sababu anasaini kwamba anachosema ni kweli na uongo pale ni kosa kubwa. Asiseme hajakopa wakati amekopa.

Na hiyo 1,130 imetoka wapi? Tangu Januari 2015 mkopeshaji wa namna hii haruhusiwi riba na faini zizidi kile alichokukopesha, kwa hiyo 400 mwisho wake 800, ukiacha gharama za mahakama. Awaandikie waonyeshe mkataba na hesabu, sheria ya mikopo ya 1974 inampa haki hiyo kwa ada ya pauni moja. Yule kaka uliyesema anataka pauni 150 awajazie fomu mwambieni asante, mashirika ya ushauri kama National Debtline na Citizens Advice wanasaidia bure.

Cherehani yako haina kesi. Deni ni la jina lake, na madalali hawaji kwa sababu ya barua hii, wanakuja baada ya hukumu isiyolipwa, hiyo hukumu unayoitafuta wewe kwa kukalia bahasha.

Ndoa za siku hizi zinanichosha jamani, watu wanalala kitanda kimoja kila mtu na namba yake ya siri ya simu, mke anaahidi mchango bila kumuuliza mume, mume anakopa bila kumwambia mke, picha za sherehe zinapendeza wiki mbili halafu miaka minane watu wanakimbia simu wasizozijua. Mama zetu walijua debe la unga limebaki vibaba vingapi na baba naye alijua, wakakataa shughuli pamoja na hakuna aliyekufa kwa aibu. Wewe unaniuliza talaka. Talaka ya nini? Ya ukumbi uliocheza wewe?

Baba Zuhura anatoka shifti saa kumi na mbili asubuhi umesema. Kesho akiingia muache avue buti, mpe chai, toa bahasha kwenye droo umwambie niliifungua na niliificha, nisamehe, halafu mtafute kalamu.