Chupa tatu, majibu matatu: tatizo la methani ya maji ya bahari

Umeuliza kwa nini chupa tatu za mililita 120, zilizojazwa mahali pamoja na kina kimoja, zimetoa gesi ya methani ya nanomoli (sehemu ya bilioni ya moli, kipimo cha wingi wa kemikali) 2.4, 3.1 na 2.7 kwa lita, na kama mashine ni mbovu. Usiiguse mashine kwanza. Tazama chupa zinavyojazwa.

Maji ya bahari yenye chumvi 35 (takriban gramu 35 kwa kilo) na nyuzijoto 25, yakiwa yamelingana na hewa, hubeba takriban nanomoli 2 tu za methani kwa lita. Kwa kipimo cha 2.5, chupa yako nzima ina nanomoli 0.3. Mililita moja ya hewa ya kawaida ina karibu 0.08. Kiputo kimoja cha ukubwa huo chini ya kizibo kinapandisha jibu kwa zaidi ya robo, na hiyo ndiyo tofauti iliyopo kati ya 2.4 na 3.1. Kwenye mdomo wa mto, ambako methani hufika makumi au mamia ya nanomoli, kosa hilohilo halionekani kabisa.

Chupa ya Niskin (chombo cha kutekea maji kwenye kina) ikipanda, sampuli za gesi zichukuliwe kabla ya kitu kingine chochote. Minyaminya mpira wa kutolea maji hadi viputo vyote vitoke, ufikishe hadi kitako cha chupa, maji yaingie polepole bila kutoa mapovu, kisha yaache yafurike mara mbili hadi tatu ya ujazo wa chupa. Chomoa mpira taratibu maji yakiwa bado yanatoka. Tia mililita 0.1 ya kloridi ya zebaki iliyokolea kabisa, ncha ikiwa ndani ya maji, ili vijidudu visiile methani wala kuizalisha. Ziba kwa kizibo cha mpira wa butili (silikoni hupitisha gesi, usiitumie), bana kifuniko cha alumini, geuza chupa juu chini, angalia. Ukiona kiputo, mwaga kwenye chombo cha taka za zebaki ujaze upya. Kiputo kidogo kinachojitokeza baadaye, maji ya baridi yakipata joto, ni jambo jingine: hiyo ni gesi ya maji yenyewe, chupa hiyo usiitupe.

Maabara, ingiza mililita 20 za nitrojeni safi kwa sindano moja huku maji ya kiasi hichohicho yakitoka kwa sindano ya pili. Maji hayo nayo yana zebaki. Yakusanye, yasiende kwenye sinki. Tikisa kwa nguvu dakika kadhaa. Karibu asilimia 88 ya methani itahamia kwenye gesi, na iliyobaki majini huongezwa kwa hesabu ya umumunyifu (kiasi cha gesi kinachoyeyuka majini) ya Wiesenburg na Guinasso (1979). Hapa wengi huteleza: joto la kutumia ni la chupa wakati wa kutikisa, si la baharini. Kumbuka pia kwamba gesi hiyo itakuwa na methani ya sehemu 0.3 hivi kwa milioni, wakati hewa ya chumbani ina 1.9. Bomba la sindano lisiposafishwa kwa nitrojeni, unapima chumba. Pima nitrojeni yenyewe pia, kila siku ya kazi.

Jibu la methani lisilo na joto, chumvi, oksijeni na saa ya maji (kupwa au kujaa) halisomeki. Maji yakipwa, maji ya ndani ya tope huchuruzika na methani hupanda; sampuli ya kupwa hailinganishwi na ya kujaa. Ukiweza, fuata saa 25 mfululizo. Kihisi cha oksijeni kirekebishwe kwenye hewa iliyojaa unyevu kwa asilimia 100, na kwa salfaiti ya sodiamu kwa sifuri. Kihisi cha methani chenye utando huchelewa. Kisimamishe kwenye kila kina hadi namba itulie. Injini izimwe, sampuli itekwe omo, upande wa joshi, mbali na moshi.

Kupata chanzo cha kosa lako, jaza chupa tano kutoka Niskin moja, uziandike kwa mpangilio. Zikishuka kuelekea 2 kadiri zinavyofuatana, hewa inayoingia juu ya Niskin ndiyo inayonyonya methani, kwa hiyo usikawie kati ya chupa na chupa. Zikipanda na kushuka ovyo, kosa liko kwenye kuziba.